Greatest Hits au toleo la kwanza? Kagua, fungua na safisha kasha la gemu bila kulivunja

Haya wadau, karibuni mezani. Leo tuna gemu za zamani nilizookota kwenye maduka ya mitumba hapa Houston: Spyro ya PS1, yaani PlayStation ya kwanza ya Sony, Silent Hill 2 ya PS2 na Metroid Prime ya GameCube, mashine ya Nintendo. Na ndiyo, nauza makasha matupu na plastiki za kufunikia, maelezo yako chini ya video. Tangazo limeisha.

Kwanza rangi. Tazama upande wa kushoto wa jalada la Spyro: Year of the Dragon. Mkanda wa kijani. Hiyo ni Greatest Hits ya PS1, ya Marekani, yaani chapa ya baadaye ya bei nafuu. Kwenye PS2 mkanda ni... subirini, kamera inaonyesha kijani kama kijivu. Taa hii. Nazima. Mnaona sasa? Sogeza kidogo, haya, hapo. Nilikuwa nasema: kwenye PS2 mkanda ni mwekundu. GameCube tazama juu, njano, imeandikwa Player's Choice, ndiyo Greatest Hits ya Nintendo. Uliye Dar au Mombasa, kasha lako la PlayStation likiwa limetoka Uingereza hutaona kijani wala mwekundu. Utaona rangi ya fedha na neno Platinum, ndiyo lebo ya gemu za PAL, yaani za mfumo wa TV wa Ulaya.

Sony walianza Greatest Hits Marekani mwaka 1997. Gemu iliyouza sana inachapwa upya na kushushwa bei. Mwaka 2002 wakaileta kwenye PS2 kwa dola 19.99, wakati gemu mpya ilikuwa 49.99. Wakusanyaji wengi wanaukimbia huo mkanda, wanataka toleo la kwanza, wanaliita black label. Jalada likiwa safi bila mkanda linapendeza, sibishi. Lakini unanunua jalada au gemu?

Spyro hii ilipotoka mwaka 2000, baadhi ya muziki haukuwemo, kwa hiyo hatua kadhaa zinarudia nyimbo zile zile. Greatest Hits ikaja na muziki uliokosekana. Silent Hill 2 ndiyo kabisa: Greatest Hits ina sehemu nzima ya ziada, Born from a Wish, unacheza kama mhusika Maria. Kwenye PS2 ya mwaka 2001 haimo. Yaani ya bei rahisi ina gemu kubwa kuliko ya bei ghali! Sasa Metroid Prime ni kinyume. Player's Choice wameziba baadhi ya njia za mkato walizokuwa wakizitumia wale wanaokimbiza muda, yaani wanaotaka kumaliza gemu haraka iwezekanavyo. Kama na wewe ni wa kukimbiza muda, tafuta ya kwanza. Mimi nacheza polepole, napotea njia, nafurahi.

Pili, fungua kasha kabla hujatoa hela. Jalada, kijitabu na diski vifanane. Watu wanapigwa hapa: jalada la black label, ndani diski ya Greatest Hits, bei ya black label. Kwa PS2 soma namba kwenye diski yenyewe, SLUS na tarakimu zake. Ikiishia na herufi GH, ni Greatest Hits, hata jalada liseme nini.

Kutoa diski mnajua. Bonyeza katikati, inua.

Tatu, kifuniko cha PS1. Hapa polepole. Kifuniko kina masikio mawili, juu na chini, membamba, na plastiki hii ina zaidi ya miaka 20. Fungua mpaka kifuniko kisimame wima, usikilaze nyuma. Usikilaze nyuma! Sukuma sikio moja kwa nje, kwa kidole gumba, kidogo tu, litoke lenyewe. Ukisikia mlio mkavu, acha. Narudia, sikio moja kwanza, si yote mawili kwa pamoja. Mnaona? Hamwoni, mkono wangu umeziba. Nageuza... haya. Sikio hili. Taratibu. Limetoka. La pili linafuata bila ugomvi.

Chini ya kitako cha diski, kile kipande kinachoishika diski, kuna karatasi ya nyuma. Inua kitako kuanzia upande wa bawaba, karatasi itoke bila kukunjwa. Kitako kikigoma usikivute kwa kisu.

Stika ya bei: puliza joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha ibandue kuanzia kona. Gundi inayobaki, mafuta ya kula kwenye pamba, sugua, osha kwa maji ya sabuni, kausha. Karatasi iwe imeshatoka kabla ya maji. Dawa ya kutolea rangi ya kucha usiiguse: inaila plastiki hii, inabaki na ukungu usiofutika. Na stika ikiwa juu ya karatasi yenyewe, iache. Mafuta yatachora doa, na doa ni baya kuliko stika.

Kurudisha, karatasi kwanza, kitako, kisha masikio. Sikio la chini kwanza, la juu ulipinde kidogo liingie. Kidogo!

Betri inawaka nyekundu. Anayetaka kasha aseme ni la diski moja au lile nene, kama la Final Fantasy VII yenye diski tatu.