Msitu wa Epping: Matembezi ya Familia Ukingoni mwa London

Ndugu watazamaji, popote mnaponitazama, iwe Mombasa, Tanga, Bujumbura au Lubumbashi, nawasalimu kwa heshima na ninawakaribisha. Leo kamera nimeielekeza msituni, kwa sababu swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa akina mama wanaojiandaa kuhamia Uingereza na watoto wao ni hili: siku ya mapumziko watoto watapelekwa wapi, ikiwa kila mahali pana kiingilio na maisha ya London yenyewe ni ghali? Jibu langu la kwanza ni Msitu wa Epping, unaoanzia karibu na Manor Park, mashariki mwa London, ukapanda kuelekea kaskazini hadi kuupita mji wa Epping, umbali wa takriban kilomita 19, na ambao anayekuja kwa miguu haulizwi tiketi hata siku moja.

Kufika ni rahisi. Ukiwa katikati ya jiji, panda treni kutoka stesheni ya Liverpool Street hadi Chingford, safari ya karibu nusu saa, au tumia treni ya chini ya ardhi ya njia ya Central na ushuke Loughton, Theydon Bois au Epping. Watoto wasiofika miaka 11 husafiri bure katika treni hizo wakiwa na mtu mzima aliyelipa nauli, hadi watoto wanne kwa mtu mzima mmoja, kwa hiyo mama mwenye watoto watatu anajilipia nauli yake tu. Chakula mkichukue nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya maziwa vinatosha kabisa.

Mimi huwashauri wageni waanzie Chingford, hasa wenye watoto wadogo. Ukitoka stesheni na kutembea dakika chache utaiona nyumba ndefu ya mbao na chokaa nyeupe, yenye ghorofa, ambayo Mfalme Henry wa Nane aliagiza ijengwe, ikakamilika mwaka 1543, ili yeye na wageni wake wasimame juu na kutazama uwindaji. Leo wanaopanda ngazi zile ni watoto wa shule, na kuingia ni bure. Kutoka hapo, mteremko mfupi unakufikisha kwenye ziwa dogo liitwalo Connaught Water, lililozungukwa na njia iliyosawazishwa vizuri, ambayo kigari cha mtoto kinapita, kiti cha magurudumu kinapita, na bibi aliyekuja kutembelea wajukuu akiwa na mkongojo wake anapita pia. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kulizunguka ziwa lote kwa miguu yake mwenyewe, mradi mzazi akubali kusimama kila bata anaposogea ukingoni.

Naomba hapa niseme jambo ninaloliamini sana. Sisi tuliokulia nyumbani tumezoea kwamba kutembea ni kwenda mahali: sokoni, shuleni, msibani, shambani. Kutembea bila kuwa na mahali pa kufika huonekana kupoteza muda, na ndiyo maana wazazi wengi wa jamii yetu hapa huwaharakisha watoto msituni kana kwamba kuna basi linalowasubiri upande wa pili. Tafadhali msiwaharakishe. Mtoto anayechuchumaa dakika kumi akimtazama jongoo juu ya gogo linalooza anajifunza zaidi kuliko yule aliyeburutwa kilomita tano. Chagueni njia fupi, mkubali kwamba hamtaimaliza, na mgeuke kabla miguu midogo haijachoka, kwa sababu njia ya kurudi ina urefu uleule.

Sasa tuingie ndani zaidi. Mti huu ulio nyuma yangu mtauona ni wa ajabu. Shina lake ni fupi na nene kiasi kwamba watu watatu walioshikana mikono hawalizunguki kwa urahisi, kisha likifika juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima linagawanyika ghafla kuwa matawi mengi, kila tawi likiwa nene kama mti kamili. Gome lake ni la kijivu na laini, na pale matawi yanapoanzia pana uvimbe uliojaa makovu ya zamani. Makovu hayo ni ya shoka. Kwa karne nyingi wakazi wa vijiji vya hapa walikuwa na haki ya kukata matawi kwa ajili ya kuni wakati wa baridi, nao waliyakata kwa juu, mahali ambapo ng'ombe na kulungu hawawezi kufika na kula machipukizi. Mti haukufa, ulichipua upya, ukakatwa tena, na kwa namna hiyo ukaishi miaka mingi zaidi ya mti ulioachwa ukue wenyewe.

Haki hiyo ya kuni ndiyo iliyoanzisha mapambano ya kuuokoa msitu huu, na ninaomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa ni habari inayotuhusu. Katikati ya karne ya 19 London ilikuwa inapanuka kwa kasi, na mabwana wa ardhi waliokuwa wakimiliki sehemu za msitu walianza kuzungushia uzio maeneo makubwa ili wayauze kwa ujenzi. Katika kijiji cha Loughton, mzee mmoja wa kawaida, Thomas Willingale, alikataa kuitambua mipaka ile na akaendelea kukata matawi kama baba zake walivyofanya. Mwaka 1866 jamaa zake walifungwa jela kwa kosa hilo. Kesi ikafunguliwa, wanasheria na watetezi wa maeneo ya wazi wakajitokeza kumsaidia, lakini mzee Willingale alifariki mwaka 1870 kabla ya kuiona hukumu.

Mapambano yakachukuliwa na halmashauri ya City of London, yaani kitovu cha kale cha jiji, ambayo ilikuwa imenunua ardhi jirani kwa ajili ya makaburi na, kwa kuimiliki ardhi ile, ikawa imerithi haki ya kulisha mifugo katika msitu mzima. Wakaenda mahakamani kama wenye haki ya malisho. Mwaka 1874 jaji akaamua kwamba nyua zile ziliwekwa kinyume cha sheria, na mwaka 1878 Bunge likapitisha Sheria ya Msitu wa Epping, inayotaka msitu ubaki wazi, bila uzio na bila majengo, kwa ajili ya burudani ya umma. Malkia Victoria alikuja High Beach, ndani ya msitu huu, mwezi Mei mwaka 1882 kuukabidhi rasmi kwa wananchi. Wakazi wa Loughton walipoteza haki yao ya kuni, na fidia waliyolipwa ndiyo iliyojenga ukumbi wa jamii ambao mpaka leo unaitwa Lopping Hall. Ndiyo maana matawi ya mti huu ni mazito namna hii: baada ya sheria ile ukataji wa kila mara ulikoma, na matawi yamekua kwa zaidi ya miaka mia moja.

Watazamaji wangu wa Nairobi wanaifahamu habari ya namna hii. Mwezi Januari mwaka 1999, Profesa Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda na wenzake kupanda miche katika Msitu wa Karura, uliokuwa unagawiwa kwa watu binafsi ili wajenge nyumba za kifahari. Leo familia zinatembea Karura Jumapili, watoto wanaendesha baiskeli, na maporomoko ya maji yanapigwa picha kila siku. Ninapowapeleka watoto Epping ninawasimulia habari hizi mbili pamoja, ya mkata kuni wa Loughton na ya profesa wa Nyeri, kwa sababu sitaki wakue wakidhani kwamba misitu ya umma huko Ulaya ilitolewa zawadi na matajiri, wala kwamba sisi kwetu hatukuwahi kuipigania yetu.

Niyataje sasa mambo ya kuzingatia, maana yapo mengine yanayowashtua wageni. La kwanza ni kwamba hakuna kuchoma nyama msituni. Najua kwetu matembezi bila nyama choma yanaonekana pungufu, lakini kuwasha moto ndani ya msitu huu hakuruhusiwi, na majani makavu ya kiangazi hushika moto upesi mno. La pili, hakuna kuchuma uyoga, hata kama unaufahamu na hata kama ni kidogo tu wa kupika jioni. Wapo waliofikishwa mahakamani kwa sababu hiyo. Uyoga ni chakula cha viumbe vingi vya msitu na unashirikiana na mizizi ya miti hii mizee, kwa hiyo waonyesheni watoto, upigeni picha, kisha muuache ulipo. Tena upo wa aina zinazoua.

La tatu ni kupe. Kupe wa huku ni wadogo sana, wengine hawazidi mbegu ya ufuta, na baadhi yao hubeba vimelea vya ugonjwa wa Lyme. Wavisheni watoto suruali ndefu na muingize miguu ya suruali ndani ya soksi, na mkirudi nyumbani mkague nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na umvute juu polepole bila kumminya. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti. Katika wiki zinazofuata, ukiona wekundu unaotanuka mahali alipouma, au mtoto akipata homa isiyoeleweka, mwone daktari na umweleze kwamba mlikuwa msituni. Kuanzia Mei hadi Julai mtahadhari pia na viwavi wanaotembea kwa msururu kwenye mialoni ya London na maeneo ya jirani, mmoja nyuma ya mwingine. Vinyweleo vyao vinawasha kama upupu, na vikiingia machoni au kifuani vinaleta taabu kubwa zaidi.

Kitu kinachowafurahisha watoto kuliko vyote ni ng'ombe. Kuna ng'ombe wa pembe ndefu wanaolishwa ndani ya msitu, wapole kwa tabia, ila wana haki ya kuachiwa nafasi yao. Shingoni wamevaa kola zinazowasiliana na setilaiti, na ng'ombe akikaribia mpaka uliowekwa kwenye ramani, kola humpigia mlio, na asipogeuka humpa mshtuko mdogo wa umeme, kwa hiyo hakuna uzio wa nyaya. Mfugaji yeyote wa Kajiado au Ngorongoro anayenitazama ataelewa kwa nini nilisimama kuwatazama kwa muda mrefu kuliko watoto wenyewe. Na malisho haya yana kazi yake: bila midomo ya ng'ombe, vichaka vingefunika sehemu za wazi ambako maua na vipepeo hupata jua.

Wanaoishi magharibi mwa jiji wana Richmond Park, iliyozungushiwa ukuta na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1637, na ambayo haki ya watu wa kawaida kuingia kwa miguu ilipatikana mahakamani mwaka 1758 kutokana na kesi ya mtengeneza bia mmoja, John Lewis. Kule mtaona makundi ya kulungu wakubwa. Kaeni umbali wa mita 50 au zaidi, hasa Septemba na Oktoba ambapo madume hupigana, na Mei hadi Julai ambapo majike huwa na watoto wachanga waliofichwa kwenye majani marefu. Wenye gari wanaweza kwenda Hatfield Forest, karibu na uwanja wa ndege wa Stansted, msitu wa kale wa uwindaji wa kifalme ambao kuanzia mwaka 1729 ulikuwa mali ya familia ya Houblon, na ambao Edward North Buxton, aliyekuwa pia mtetezi wa Epping, aliununua akiwa kitandani mahututi ili ukabidhiwe kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza maeneo ya urithi, mwaka 1924. Huko maegesho yanalipiwa, ila anayefika kwa miguu haulizwi kitu. Udongo wake ni wa mfinyanzi, na baada ya mvua nyingi baadhi ya njia hufungwa ili zisikanyagwe zikaharibika, kwa hiyo tazameni matangazo yao kabla ya kutoka.

Kuhusu majira, wengi huniambia kwamba wakati wa baridi hawatoki nje, na mimi naona wanajinyima. Majani yakishapukutika, kigogota anayepiga mti unamwona kwa macho badala ya kumsikia tu, na kulungu nao hawana pa kujificha. Mnachohitaji ni gambuti za watoto, jozi ya pili ya soksi katika mkoba, na saa. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na chini ya miti giza hutangulia, hivyo ondokeni nyumbani asubuhi na muwe mmeipa Chingford uso ifikapo saa nane na nusu. Ramani ya njia za Connaught Water nimeiweka chini ya video hii, pamoja na vituo vya treni na mahali vyoo vilipo, kwa kuwa hilo la mwisho ndilo watoto wataliulizia kwanza.