Jalada Liko Wapi?

Ndugu Mwenyekiti, ndugu washiriki, wapo humu ukumbini walionisikia nikizungumzia masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya ofisi, mara nyingi kiasi cha kuniita mzee wa majalada, na leo sina nia ya kuwaangusha.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatilia kiwanja cha marehemu baba yangu katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Nilikuwa na ofa, yaani barua ya kugawiwa kiwanja, stakabadhi za kodi ya ardhi na barua ya usimamizi wa mirathi. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, akaenda masjala, akarudi mikono mitupu: jalada halionekani. Nikaambiwa nije kesho, kisha Jumatatu, kisha nimsubiri mzee fulani ambaye alikwisha kustaafu lakini "huwa anapitapita". Siku ya nne mzee akapita kweli, amevaa kandambili. Hakuangalia daftari wala hakuuliza namba. Alizunguka nyuma ya kabati la chuma, akainua rundo lililofungwa kwa kamba ya katani, akachomoa jalada letu kutoka chini kabisa. Ofisi nzima ilicheka na kumpongeza. Mimi nilirudi nyumbani na hofu, kwa kuwa siku mzee yule akiugua, viwanja vya mtaa mzima vinaugua pamoja naye.

Najua mtakaloniambia, kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Vema, lakini mfumo huo nimeambiwa uko chini mara nyingi kuliko nilivyoambiwa uko juu, na nimemshuhudia karani akiingiza namba ya kiwanja iliyokosewa kwenye karatasi, na kompyuta ikalipokea kosa hilo bila kuuliza.

Mwingine atasema tatizo letu ni uadilifu wa watu, si karatasi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na taifa zima likazungumzia uongo wao. Mimi niliuliza, na ninaendelea kuuliza: vyeti vile vilipokelewa katika dirisha gani, nani aliviweka kwenye majalada binafsi, na nani alipaswa kuvipeleka Baraza la Mitihani kabla mtu hajathibitishwa kazini? Kwa kila cheti mwongo alikuwa mmoja, lakini waliopiga mihuri juu ya uongo wake walikuwa wengi, na wengine walikuwa watu waadilifu sana.

Nilitaka pia kueleza gharama ya kuvunja chombo cha umma na kukijenga upya. Mwaka 1972 Madaraka Mikoani, ile sera ya Serikali ya kupeleka madaraka mikoani, yalizifuta halmashauri. Miji ikarudishiwa zake mwaka 1978, wilaya zikangoja sheria za 1982. Miaka yote hiyo, kumbukumbu za halmashauri zilikuwa kwa nani? Hilo lina mhadhara wake.

Na kuna makaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka kukaimu kusizidi miezi sita, nanyi mnawafahamu waliokaimu miaka mitatu wakiogopa kutia saini hata likizo ya dereva, lakini Mwenyekiti ameshanitazama mara mbili.

Basi niwaombe jambo moja. Jumatatu mkifika ofisini, agizeni jalada lolote la zamani, halafu mwangalie ni nani anayepigiwa simu aje kulitafuta.