Vigae vya kaburi: tulipanga maswali matano, tukafika la pili

NEEMA: Karibuni barazani. Mtani wangu Shabani yupo, ubishi umemjaa kama kawaida. Leo ni maswali yenu matano kuhusu maandalizi ya msiba: kibali, kaburi, bajeti, rambirambi, mirathi.

SHABANI: Waambie ukweli kwanza. Wiki hii ulikuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi, na umekuja na kinyongo.

NEEMA: Kinyongo cha vigae! Jeneza lilipita bila neno, maturubai yakapita, kufika kwenye vigae kamati ikagawanyika. Tuache, tutafika. Kibali cha mazishi anatoa nani?

SHABANI: Amefia hospitali, karatasi zinaanzia hospitali. Amefia nyumbani, anza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mtendaji. Ile karatasi ya tangazo la kifo isipotelee kwenye daftari la rambirambi. Ndiyo inayokwenda kwa msajili wa wilaya au RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kutolewa cheti, na kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30.

NEEMA: Na jina, jamani! NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameandika Yohana, benki Johana, mtaani ni Baba Anna. Shemeji ambaye hajalala anatamka tu, karani anaandika. Mirathi ikianza mnarudishwa kula kiapo. Chukueni kitambulisho, nakilini herufi kwa herufi.

SHABANI: La pili, kaburi. Msikilizaji wa Tabata anauliza vigae vibandikwe lini.

NEEMA: Haya sasa.

SHABANI: Kaburi la udongo, subiri angalau masika moja ipite. Udongo uliorudishwa haushindiliwi, mbao za jeneza zinaoza, kifuniko kinabonyea, juu panatitia. Ukiwa umeshajenga, zege linabaki linaelea, ufa unakatiza katikati.

NEEMA: Hilo la udongo. Siku hizi ukuta wa tofali unajengwa humo ndani kabla ya mazishi, jeneza linashushwa katikati, mfuniko wa zege unakaa juu ya ukuta. Kinatitia nini hapo?

SHABANI: Ukuta umesimama, lakini hilo zege lilikorogwa lini? Saa tisa alasiri, waombolezaji wamesimama juani, fundi anaongeza maji limwagike upesi. Watu wakaweka mashada, wakaondoka. Nani anarudi kumwagilia asubuhi na jioni siku saba? Kwa jua la Dar linakauka juu kabla ndani halijashika. Kesho kutwa fundi wa vigae huyu hapa. Yakipita miezi, ukigonga vigae vinalia tupu, kisha vinabanduka kimoja kimoja.

NEEMA: Basi shida ni haraka, siyo vigae. Andikeni hesabu. Mfuniko wa mita 2.2 kwa 1.1, unene sentimita 10: mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na nondo ndani. Vigae: juu mita za mraba 2.4, pembeni ukinyanyua sentimita 40 ni kama 2.6. Vya 30 kwa 30 ni 62, pamoja na vya kuvunjika.

SHABANI: Na koki unaweka upande gani?

NEEMA: Ya nini?

SHABANI: Si unajenga bafu?

NEEMA: Mtani, ogopa Mungu! Nenda Kunduchi, hapo pwani ya Dar, makaburi ya karne ya 18 yana minara na sahani za Kichina zilipachikwa ukutani. Za Waislamu wenzako.

SHABANI: Na sahani ziko wapi? Nyingi zimebanduliwa, yamebaki mashimo. Sisi tunafundishwa kaburi linyanyuke shubiri moja, mashahidi, yaani vibao vya alama, kichwani na miguuni, basi.

NEEMA: Wizi upo mpaka leo, hilo nakubali. Msalaba wa chuma na vile vizuizi vya bomba vinang'olewa, vinauzwa chuma chakavu. Msalaba umwagwe kwa zege. Na vile vyungu vya maua, jazeni mchanga mbichi badala ya maji. Maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu wa dengue.

SHABANI: Halafu muulize msimamizi wa makaburi kabla hujaleta tofali. Nafasi ni finyu, ukizidisha upana umeingia kwa jirani, na unaweza kuambiwa uvunje. Koki mtajadiliana naye.

NEEMA: Acha koki.

SHABANI: Sawa, niulize la fedha. Rambirambi zimebaki kidogo, mjane ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Kamati inanunua vigae?

NEEMA: Watu walichangia mazishi, na kaburi ni sehemu ya mazishi. Kwenye makaburi yaliyojaa, lisilojengewa linapotea. Nyasi zinaota, kibao cha mbao kinaliwa na mchwa, siku moja mtu anachimba palepale.

SHABANI: Kibao cha zege chenye jina na tarehe kinazuia hilo kwa mfuko mmoja wa saruji.

NEEMA: Kibao kinasukumwa na mizizi, kinang'oka. Mfuniko hauhami.

SHABANI: Basi jenga mfuniko, vigae mpe mjane.

NEEMA: Mjane mwenyewe ndiye anayetaka vigae! Umemuuliza?

SHABANI: Anataka kwa sababu kaburi la jirani linavyo. Ikifika Januari atataka ada.

NEEMA: Hapo unamwamulia.

SHABANI: Na kamati haimwamulii?

NEEMA: Sikubali.

SHABANI: Hata mimi.

NEEMA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Bajeti, rambirambi, mirathi, zote zimebaki.

SHABANI: Mirathi haitoshi dakika moja. Ila mwenye msiba wiki hii, kikao cha ukoo kikae ndugu hawajatawanyika, muhtasari uandikwe, kila mmoja asaini. Mahakama ya mwanzo wataudai.

NEEMA: Na mapato na matumizi yasomwe kabla maturubai hayajashushwa, risiti zikiwa mezani. Kwaherini.