Jana bendera ya bintiyangu, leo ya Mama: bethdei mbili huku shamba Uswidi

Haya wapendwa habari zenu, za Tanga, za Dar, za Mombasa, na nyie wa Muscat nawaona kwenye komenti kila siku, asanteni sana. Mnaniona nimekaa kwenye ngazi nimejitanda kanga mbili, jua linawaka hivi lakini kaupepo kake bado ka baridi, ni mwezi wa sita mwanzoni huku ndo kiangazi kinabisha hodi. Hiyo sauti mnayoisikia ndani ni mama. Mama yangu mzazi, yule yule wa Lushoto mliokuwa mnaniuliza atakuja lini, kafika jamani, hii ni wiki yake ya tatu, na mi nimekaa hapa niwasimulie ya jana na ya leo asubuhi yakiwa bado ya moto.

Ngoja nigeuze kamera muone kwanza. Huku tuko Dalarna, kijijini, ile ziwa kwa mbali ni Siljan, ukitoka Stockholm ni masaa matatu hivi ya treni. Mama siku ya kwanza tu akaniuliza mbona nyumba zote nyekundu, wameambiana? Nikamwambia mama hiyo rangi inatoka kwenye mgodi wa shaba wa Falun, hapo jirani tu, mgodi wenyewe ulifungwa 1992 lakini ile rangi inatengenezwa mpaka leo, inatokana na udongo uliobaki wa mgodini. Akagusa ukuta akasema kumbe ni udongo, kama sisi tu tunavyosiliba. Akaridhika. Na hayo maua ya zambarau hapo ukutani yanaitwa syren, yale meupe yaliyoanza kupukutika ni hägg, wenyeji wana msemo wao, kipindi hiki wanakiita kati ya hägg na syren, yaani maua haya yanaondoka na haya yanaingia, na mtu akikwambia hivo uso wake unabadilika kabisa, maana wametoka kwenye miezi ya giza na theluji, wewe acha tu.

Jua sasa. Linachomoza kwenye saa kumi kasorobo alfajiri, linazama saa nne na robo usiku. Mama anakaa hapa na tasbihi yake anaisubiri magharibi, anaangalia kule ziwani, anaangalia saa, juzi akasema, "Mwanangu, hili jua halina kwao?"

Basi jana bintiyangu katimiza miaka 7. Bethdei huku inaanzia kitandani, mwenye siku anaachwa alale, au ajifanye kalala maana watoto wote wanajua, nyie wengine mnajikusanya jikoni kimya kimya, mnapanga trei, chokoleti ya moto, kipande cha keki, mshumaa, zawadi, halafu mnapanda juu mnaimba. Wimbo wao unakuombea uishi miaka mia. Mama kaikamata trei yeye, kasema mjukuu wangu nampelekea mwenyewe, na kwenye wimbo hajui neno hata moja kwahiyo tulipofika mlangoni kapiga vigelegele vya kwetu vile vya harusini, mtoto aliyekuwa kajifunika blanketi karuka juu, baba yake nusura adondoshe zawadi, tumecheka mpaka basi, na kwakweli sidhani kama mtoto yeyote kijiji hiki kashawahi kuamshwa hivo.

Halafu saa mbili kamili tukatoka nje kupandisha bendera. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Nyumba nyingi za shamba huku zina mlingoti uwanjani, na mtu wa nyumba hiyo akiwa na bethdei bendera ya taifa inapanda. Na kuna adabu zake, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa kumi inapanda saa mbili asubuhi, inashuka jua likizama ila isipite saa tatu usiku, na msimu huu saa tatu jua bado liko juu linakuangalia lakini inashuka tu, na haitakiwi kugusa ardhi. Mume wangu kwa mambo ya bendera hana mchezo. Mama kasimama pale na ushungi wake akaniuliza pole pole, "Leo anakuja mkuu wa wilaya?" Maana kwetu bendera utaiona ofisi ya kata, shuleni, polisi. Nikamwambia hapana mama, ni ya mtoto. "Ya mtoto?" Ya mtoto, kwasababu kazaliwa. Akanyamaza. Akaitazama ile bendera inavyopanda mpaka ikafika juu kabisa ikashika upepo, na mimi nilimuona kuna kitu kimemgusa ila sikumuuliza.

Mchana wakaja wageni, majirani na mama mkwe. Bintiyangu mama mkwe anamwita farmor, yaani mama wa baba, na mama yangu ni mormor, mama wa mama, ndo sisi tunavyosema bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, nilivyomfafanulia mama akafurahi sana akasema kumbe hawa watu wanajua kupanga ukoo. Sasa hawa bibi wawili hawana lugha. Mmoja Kisambaa na Kiswahili, mwingine Kiswidi. Mama mkwe anatoka kwenye kizazi kile cha meza ya kahawa yenye biskuti aina saba, pungufu ya saba utaonekana mchoyo, ukizidisha unajionyesha. Kaja na tano, miguu inamsumbua siku hizi hasimami sana jikoni. Mama alikuwa kashakaanga visheti vyake na kashata za nazi, ile nazi kavu ya pakiti ya dukani, akaviweka mezani. Mama mkwe akaanza kuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akafika kwenye visheti sita, kashata saba, akamshika mama mkono akauacha hapo hapo.

Halafu akamkatia kipande cha mkate wao mtamu, ule wa kusokota. Mama kabla hajala akanusa. Akanusa tena. "Hii iliki!" Jamani wazungu hawa wanaipenda iliki kwenye mikate yao kama sisi kwenye chai na maandazi, na mama kaijua iliki tangu udogo, mjomba wake alikuwa analima kule Amani, Usambara ya mashariki, anasema walikuwa wanaianika kwenye mkeka na watoto ndo walinzi wa kuku. Kanituma ndani nilete kile kijaluba chake alichokuja nacho, kapasua iliki moja kwa kucha kamnusisha mama mkwe, wakawa wanachekeana wale wawili, wananusa, wanatikisa vichwa, wananusa tena, mi nikaona nisitafsiri kitu nikaenda zangu kukata keki. Keki ya stroberi na krimu, stroberi za kusini huko maana za huku bado hazijaiva.

Sasa mama mkwe ndo akauliza. Akaniambia muulize mama, bethdei yake lini tumpandishie na yeye.

Niwaambie kitu, huku tarehe ya kuzaliwa ndo jina lako la pili. Namba yako ya utambulisho inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, ukienda hospitali, duka la dawa, benki, wanataka hiyo kwanza. Na wakati najaza fomu za viza ya mama kila karatasi inauliza hilo hilo, na mimi naandika ile ya paspoti, tarehe 1 mwezi wa 7, 1961, naandika huku moyo unaniuma kidogo kwasababu najua si yake. Mama akamjibu mama mkwe hivo hivo, "Hiyo ya paspoti ni ya ofisini. Mimi siku yangu haikuandikwa."

Meza ikatulia. Akaendelea, marehemu bibi alikuwa anamwambia, siku ya Uhuru wewe ulikuwa ndo unajifunza kukaa, tulikuzungushia makanga usidondoke, watu wanaenda kwenye ngoma mimi nimebaki na wewe. Hicho ndo cheti chake cha kuzaliwa, makanga. Mume wangu akauliza Uhuru lini, nikamwambia tarehe 9 Desemba 1961, akauliza mtoto anajifunza kukaa na miezi mingapi, farmor akasema sita, wanawe wote miezi sita. Tukawa tunahesabu kwa vidole kurudi nyuma, Novemba, Oktoba, mpaka tukaangukia Juni. Tarehe 9 Juni. Na jana ilikuwa tarehe 8. Bintiyangu kaweka uma chini akasema kwa Kiswahili chake kile mnachokijua, "Basi ya mormor ni kesho, bendera isiende mbali."

Najua hatuna uhakika. Inaweza kuwa wiki mbili nyuma, inaweza kuwa mwezi. Lakini mama yangu kazaa watoto sita, siku zetu zote anazijua, kaziandika kwenye daftari lake lenye jalada la bluu, na miaka yote hiyo hakuna aliyempigia simu akamwambia mama hongera kwa kuzaliwa, hata mimi, mtoto wake, namtumia hela ya sikukuu basi. Hilo limeniuma wapendwa, nalisema wazi.

Leo asubuhi nimempelekea trei kitandani. Chai ya iliki, visheti, mshumaa. Alikuwa kashaswali zamani karudi kujifunika shuka, anajifanya kalala, mjukuu kamfundisha usiku. Saa mbili tukatoka, kamba kaishika mwenyewe, mjukuu kashika chini yake, wakawa wanavuta pamoja, na ilipofika juu nikampigia simu mama mdogo Lushoto nikaiweka spika, mama akamwambia mdogo wake, "Nimepandishiwa bendera." Mama mdogo akauliza, "Umefanya nini?" Mama akasema, "Nimezaliwa."

Sasa hivi kabla sijawasha kamera kaniita ndani. Katoa lile daftari la bluu, ukurasa wa kwanza, juu ya majina yetu sote kuna mstari aliuacha wazi, sikuwahi kujua kwanini. Akanipa kalamu, andika. Nikaandika jina lake, 9 Juni 1961. Akaangalia akasema weka na saa, nyie wote niliwawekea saa. Nikamwambia mama saa ngapi sasa? Akafikiri kidogo, akachungulia dirishani.

"Saa mbili asubuhi," akasema. "Ndo inapanda."