Kijumba cha Darubini Uani

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, ingieni jamani nafasi ipo. Nimeombwa nieleze vile nilijenga kile kijumba cha darubini uani kwangu Kisauni, na najua wengi mnafikiria kuba jeupe la kuzunguka, la, ni kuta za matofali zinanifika kifuani, juu mabati kwa fremu ya chuma yenye magurudumu ya geti, usiku nalisukuma paa lateleza kwa reli, mbingu yote i wazi.

Lakini msianze na paa, anzeni na nguzo ya kusimamishia darubini. Mi nilichimba futi tatu, na chini kule ni jiwe la matumbawe tupu, siku mbili na mtaimbo, halafu ukimwaga zege hakikisha nguzo haigusani na sakafu kabisa, acha nafasi ya vidole viwili pande zote. Kwa nini? Ukiangalia sayari ya Zohali kwa kukuza mara 200, mtoto akipita mbio, ule mtikisiko nao unakuzwa vilevile, pete zote zinacheza kama kitu kilicho chini ya maji.

Stendi sasa. Zile zinazojiendesha zenyewe kufuata nyota lazima uzilenge kwenye ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote zaonekana kupazunguka, na wenzetu wa Ulaya wana nyota ya kaskazini ya kuwaonyesha, sisi hapa iko chini ya upeo hatuioni, na ncha ya kusini iko juu kwa digrii 4 tu kwa sababu Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, stendi nyingi haziinami hivyo. Kwa anayeanza nasema chukua darubini ya aina ya Dobson, yenye kioo cha upana wa inchi 8, ni kama mzinga ndani ya sanduku, waugeuza kwa mkono, haitaki ncha wala stima.

Tena hiyo ikweta ni neema, nataka mlishike hili. Kundi la nyota la Msalaba wa Kusini tunao na lile la Dubu Mkubwa pia tunao, huko London huo Msalaba hawauoni maisha.

Adui yetu ni chumvi. Darubini yangu ya kwanza niliifunga kwa nailoni msimu mzima wa kusi nikidhani naihifadhi, kuja kufungua skrubu zimeshika kutu na lenzi ina kuvu imetanda kama utando wa buibui, niliumia sana. Kuvu yapenda giza na unyevu, na nailoni inafungia unyevu ndani. Siku hizi lenzi zakaa kabatini na balbu ndogo ya joto inawaka mchana na usiku, skrubu zote ni za stenlesi, na chini ya paa nimeacha matundu upepo upite. Hayo matundu usiyaache, hata fundi akikwambia yanaharibu ukuta.

Kaskazi ikituliza mawingu, mwaka juzi, mama yangu aliangalia Zohali akaniambia nimebandika picha. Nikamtolea lenzi akaipapasa pande zote kwa vidole, nikairudisha, akaangalia tena, akaitisha kiti.

Haya, dada hapo mbele kainua mkono kitambo, uliza.