Usimshuhudie jirani yako uongo, hata ukiwa na chaki mkononi

Bwana Yesu asifiwe! Mbukwenyi! Asanteni sana. Mchungaji, walimu wenzangu, wazazi mliokubali kuacha shughuli zenu Jumamosi yote hii, nashukuru. Anayeandika aandike, na mwenye swali asisubiri mwisho, anyooshe tu mkono.

Mada ni kufundisha dini na mitazamo ya maisha kwenye shule ya msingi ya Kikristo. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Mtoto wetu amjue Kristo vizuri, hilo halina mjadala, ndo sababu shule ipo. Lakini pia ajue jirani yake anaamini nini, na akijue kwa ukweli, sio kwa maneno ya vijiweni. Na hili la pili sijalitoa kwa wazungu wala kwenye semina, nalitoa kwenye Amri Kumi, Kutoka 20:16, usimshuhudie jirani yako uongo. Sisi tukiisoma hiyo amri tunawaza mahakamani tu, sasa mwalimu akisimama mbele ya darasa la nne akasema Waislamu wanaabudu mwezi, huo ni ushuhuda wa nini? Tena mbele ya watoto ambao ukiwaambia kitu wanaenda nyumbani kubishana na baba yao, "mwalimu kasema".

Na hapa Dodoma hatuna pa kujificha. Wamisionari wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika ikaanzishwa 1927, kwahiyo Ukristo hapa una mizizi mirefu. Ila panda gari nenda Kondoa uone Waislamu walivyo wengi na wa siku nyingi, na hapa mjini Msikiti wa Gaddafi umefunguliwa 2010, watoto wanaupita kila siku wakiwa kwenye school bus. Halafu tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 madarasa yamechanganyika kweli kweli, mtoto katoka Kigoma, mwingine Tanga, mwingine Zanzibar, na wazazi Waislamu wanatuletea watoto wao kwasababu wanapenda nidhamu na ufaulu wetu. Katiba yetu ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani. Huyo mtoto hakuacha uhuru wake getini.

Kipimo changu ni kimoja. Ukifundisha Uislamu, fundisha kama vile mzazi Mwislamu amekaa dawati la nyuma, na ukimaliza aweze kusema ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini. Maana yake uzitaje nguzo tano sawasawa, useme kwamba wanamheshimu Isa kama nabii, kwamba Qurani ina sura nzima yenye jina la Maryam, ya 19. Na hapo hapo usiwalainishie watoto, waambie wazi kwamba Waislamu hawakubali kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu wala kuwa alikufa msalabani, na sisi tukiondoa hayo mawili hatuna Injili. Watoto wa miaka kumi wanaelewa tofauti vizuri tu, wanaochanganyikiwa mara nyingi ni sisi wakubwa tunaoogopa kuitaja.

Kuna jambo moja linaniuma, naomba tuliache kabisa. Mwalimu anafundisha, akifika kwenye Ramadhani anageuka, "Wewe Asha, hebu simama utuambie kwa nini nyie mnafunga." Asha ana miaka tisa. Wenzake wote wamegeuka kumtazama, yeye anaangalia chini anavuta vuta sweta, na kuanzia siku hiyo anaitwa "nyie". Mtoto sio kielelezo cha somo. Akipenda mwenyewe kusema, sawa, asipopenda, wewe ndo mwalimu, jiandae.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye mvua, kwasababu naona hapo ndipo mitazamo ya maisha inapokutana kwa mtoto wa Dodoma kuliko mahali popote. Mnajua mvua zetu, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinaweza kunyesha wiki moja halafu kimya, mtama unaanza kujikunja shambani. Mtoto yuko sayansi anafundishwa mzunguko wa maji, mvuke unapanda, unapoa, unakuwa mawingu. Asubuhi kwenye ibada ya shule tumesimama tunaomba Mungu atupe mvua. Jioni kaenda kwa babu yake, babu anasimulia zamani watemi wa Kigogo ndo walikuwa na dhamana ya mvua, matambiko yalifanyika, watu walimwomba Mulungu, yaani Mungu, kupitia mizimu ya wazee. Na njiani kasikia wamama wanasema safari hii kuna mtu kaifunga mvua. Hayo ni maelezo manne ndani ya kichwa kimoja, siku moja! Na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemsaidia kuyapanga.

Mimi nasema leteni hayo yote manne darasani. Chora mzunguko wa maji ubaoni, kisha uliza, kwahiyo tukiomba tunaomba nini? Wape muda. Mkristo hana haja ya kuogopa mvuke na mawingu, aliyeviumba ndiye anayeombwa. Halafu mfundishe mtoto kuhusu mababu zake kwa heshima, asifikiri walikuwa wajinga tu gizani. Paulo alipofika Athene, Matendo 17, hakuanza kwa kutukana, alizunguka kwanza akaangalia ibada zao, akaiona madhabahu imeandikwa KWA MUNGU ASIYEJULIKANA, akaanzia hapo. Ukishapita Kondoa ukielekea Babati utafika Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia 2006, na mpaka leo kuna watu wanafanya matambiko yao maeneo yale. Darasa la sita wapelekwe. Waangalie, wawaulize wenyeji, wakirudi tuongee.

Ila hilo la nne, la "kaifunga mvua", hapo mwalimu asiwe mpole kupita kiasi. Kwasababu likishasemwa hivyo kinachofuata ni kutafutwa mtu, na mara nyingi anayetafutwa ni bibi kizee anayekaa peke yake. Nchi hii tumezika vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwasababu ya macho mekundu, na macho yale ni moshi wa kuni, miaka hamsini ya kupuliza moto na kuwapikia watu. Mtoto asikie hilo kwa sayansi na asikie kwa Injili, kwamba yule bibi ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kuheshimu imani ya mtu hakumaanishi kunyamaza mtu akiumizwa.

Niseme haraka na kuhusu namba za mitihani. Kuna mtazamo wa maisha ambao hauna msikiti wala kanisa na sisi wenyewe tunaufundisha bila silabasi, kwamba mtu ni namba yake. Baraza la Mitihani lilishaacha kutangaza kumi bora, mwaka 2023, lakini ripoti zetu bado zinaanza na "amekuwa wa ngapi" na bango la getini lina picha za waliopata A tu. Ibada ya asubuhi inasema Mungu hana upendeleo, bango linasema anao. Watoto wanasoma mabango.

Mama pale nyuma ameniuliza, je mwanangu akifundishwa hivi akasilimu? Mama yangu, swali lako ni la mzazi anayependa, sitalipuuza. Angalia upande wa pili. Mtoto tumemwambia miaka saba kwamba wale ni watu wabaya wasiomjua Mungu, anaenda sekondari ya bweni, kitanda cha jirani kuna binti Mwislamu mkweli, msafi, anaamka alfajiri kuswali bila kusukumwa na mtu. Wako ataona tulimdanganya. Na akishaona tulimdanganya hapo, atajiuliza na kuhusu Yesu je? 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu kila mtu habari za tumaini letu, lakini kwa upole na kwa hofu, na hakuna mtu anayeweza kujibu swali ambalo hajawahi kuruhusiwa kulisikia. Namwogopea zaidi mtoto aliyefichwa kuliko aliyefundishwa.

Kwahiyo uongozi wa shule, ombi langu ni kwamba kipindi cha dini kiache kupewa mwalimu yeyote ambaye siku hiyo hana kazi, na kiache kuliwa na mazoezi ya hesabu mtihani wa darasa la saba ukikaribia. Kipewe mtu anayejiandaa. Haya, mwalimu wa darasa la tano alishanyoosha mkono kitambo, karibu.