Jua la Dar, ozoni na mafundi friji (mhadhara, Temeke)

Jamani habari za mchana, nyie wa kule nje sogeeni huku kivulini kwanza, haiwezekani nizungumzie jua halafu nyie linawapiga utosini.

Nianze na ishu ya tundu la ozoni, ile gesi iliyotanda juu angani inayotukinga na jua kali, maana kila nikikaa na watu lazima mtu aseme Dar kuna joto sababu ozoni imetoboka. Hapana bwana. Tundu liko Antaktika, huko kusini kabisa mwa dunia, linafunguka kila mwaka kuanzia kama mwezi wa nane linakuja kujifunga mwishoni mwa mwaka, na waliolitangaza mwaka 1985 ni Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin. Juu ya Dar hakuna tundu. Ila msishangilie, huku kwetu karibu na ikweta ozoni ni nyembamba kiasili kuliko sehemu nyingi za dunia na jua linatushukia wima, kwahiyo UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, tunayopata ni kali hata kama hakuna kilichoharibika.

Ozoni yenyewe ni oksijeni tu, ila atomi tatu zimeshikana badala ya mbili, nyingi iko kilomita kama 15 mpaka 35 juu, ndege ya abiria haifiki huko. Ukiikusanya yote ukaishusha hapa chini ukaibana kwa mgandamizo wa hewa ya hapa, unene wake ni milimita 3 hivi, hata soli ya ndala ni nene kuliko hiyo, na ndo inatulinda wote! Jua linatuma UV A, B na C. C ndo hatari kuliko zote, inaishia juu yote. B inakamatwa sehemu kubwa, inayobaki ndo inababua ngozi na kuharibu macho, mtoto wa jicho mojawapo. A inapita karibu yote, haikubabui haraka lakini inazama ndani na kuzeesha ngozi taratibu.

Sasa sikilizeni hapa, UV huisikii. Joto unalosikia mwilini ni habari nyingine, ndo maana mwezi wa saba upepo wa kusi unapuliza pale Coco Beach mtu anasema aah leo jua zuri, anashinda mchana mzima ufukweni na watoto, mchanga nao unarudisha UV kutoka chini, usiku mabega yanawaka moto anaanza kulaumu maji ya chumvi. Mawingu mepesi nayo hayasaidii kivile, UV nyingi inapita. Kwahiyo usipime jua kwa jasho, angalia kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, UV iko juu, tafuta mti, kofia pana, shati la mikono mirefu. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu na kama tarehe 10 mwezi wa kumi, saa sita na kitu hapa Dar unakikanyaga kabisa kivuli chako.

Weusi wetu unasaidia, melanini inafyonza UV, lakini macho hayana huo weusi wa kuyalinda. Wenzetu wenye ualbino ndo hawana kinga hiyo, kwao saratani ya ngozi ni tishio la kweli, ukimuona mtoto mwenye ualbino amepangwa mstarini juani shuleni usinyamaze. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni yao maalumu, Kilisun. Halafu kuna mtu ana melanini yake ya bure kabisa anaitoa kwa mkorogo, hapo mie nachoka.

Mafundi friji mpo? Mwaka 1974 wanasayansi Molina na Rowland walisema gesi za CFC, kama ile R12 ya friji za zamani, zikipanda juu zinavunjwa na UV klorini inatoka, na atomi moja ya klorini inaweza kumaliza ozoni maelfu kwa maelfu. Watu wa viwanda waliwabishia sana, lakini mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal, CFC zikaondolewa na ozoni inapona pole pole. Imebaki R22 kwenye AC za zamani, ina madhara madogo ila inayo. Kwahiyo fundi usikate paipu ukaiachia hewani, ivute kwa mashine uihifadhi kwenye mtungi. Na R134a, ile gesi iliyochukua nafasi ya R12, usiseme basi hii ruksa kumwaga, haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto, ndo maana ikaingizwa kwenye makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 ya kupunguza gesi za aina hiyo.

Eti kaka yangu wa daladala anauliza kioo cha gari kinazuia? Cha mbele kinazuia karibu yote, kina plastiki katikati, cha pembeni mara nyingi kinazuia B ila A inapita. Lakini wewe kaka nakuona kila siku mkono wa kulia umeuning'iniza nje ya dirisha, sasa hapo kioo kinahusikaje?